Namna ya Kuendesha Mdahalo Kuhusu Nguvu ya Polisi Katika Ukaguzi wa Kawaida wa Gari

Mdahalo kuhusu askari aliyetumia nguvu dhidi ya dereva aliyesimamishwa kwa kosa dogo huharibika mapema sana. Msemaji wa kwanza huanza kusimulia pale dereva alipoashiriwa asimame, na wa pili huanza pale gari lilipoondoka ghafla huku askari akiwa ameng'ang'ania mlango. Tangu hapo kila mmoja hutetea tukio lake mwenyewe, ingawa wote wawili wanalitaja kwa jina moja. Nimewahi kusimamia midahalo ya aina hii zaidi ya mara moja, na kila mara limenithibitikia jambo lile lile: kabla watu hawajabishana kama nguvu iliyotumika ilikuwa halali, inawapasa wakubaliane hesabu ya muda inaanzia wapi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo, na mengine yote, kuanzia uchaguzi wa mada hadi namna ya kuonyesha video, yanalitumikia.

Kuichagua mada

Mada isiwe swali la kuwapenda polisi au kuwachukia. Ukiandika ubaoni kwamba polisi ni wakatili, upande mmoja utahesabu raia waliouawa na upande wa pili utahesabu askari waliouawa, na jioni itakwisha bila mtu kujibu chochote. Andika sentensi inayotaja tendo, mtendaji na masharti yake. Kwa mfano: "Askari asiruhusiwe kumtoa dereva garini kwa nguvu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake." Au: "Makosa madogo, kama vile taa moja mbovu, yashughulikiwe na watumishi wasiobeba silaha."

Mada hiyo ya pili si ndoto ya kinadharia, kwa hiyo msemaji anaweza kuitolea mifano halisi. Nchini New Zealand, hadi 1992, kazi kubwa ya kusimamia sheria za barabarani ilifanywa na maofisa waliokuwa nje ya jeshi la polisi, kisha wakaunganishwa nalo. Mjini Philadelphia, Marekani, sheria iliyopitishwa 2021 iliwazuia askari wasimsimamishe dereva kwa sababu tu ya makosa madogo kadhaa yaliyoorodheshwa, likiwemo lile la taa moja isiyowaka. Mifano hii miwili inaelekea pande tofauti, na ndiyo maana inafaa: wa Philadelphia unaonyesha kwamba makosa madogo yanaweza kuondolewa katika sababu za askari kusimamisha gari, na wa New Zealand unaonyesha kwamba kuna nchi iliyokuwa imezitenganisha kazi hizi ikaamua kuziunganisha.

Amua pia kama mnajadili tukio moja lililotokea au kanuni ya jumla. Msichanganye. Tukio moja huamuliwa kwa ushahidi wake, na kanuni huamuliwa kwa matokeo yake kwa watu wengi. Msemaji anayeruka kutoka kwenye moja kwenda kwenye jingine kila anapobanwa lazima arudishwe na mwenyekiti.

Maneno ya kufafanua kabla ya hoja

Neno "nguvu" linahitaji ngazi. Watu wengi wakilisikia huwazia risasi, ilhali nguvu huanza mapema zaidi: amri ya kupaza sauti, mkono wa askari begani, kuvutwa nje ya gari, kulazwa chini, pingu, dawa ya kuwasha macho, bunduki ya umeme, mbwa, na mwisho bastola. Kuna swali gumu katikati ya ngazi hizo, nalo ni kama kumwelekezea mtu bastola bila kufyatua ni kutumia nguvu au ni onyo tu. Wasemaji wanapaswa kulijibu swali hilo mwanzoni, si baada ya kugundua kwamba jibu fulani linawasaidia.

Upande wa dereva nao unahitaji maneno makini, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Kusita si kukataa, kukataa si kujinasua, na kujinasua si kupigana. Dereva anayeuliza "Kwa nini nishuke?" amesita. Anayeshika usukani kwa mikono miwili na kusema hashuki amekataa. Anayeuvuta mkono wake kutoka mkononi mwa askari amejinasua. Anayempiga askari amepigana. Ripoti nyingi huzifunika hali hizi zote kwa maneno "alikaidi amri", na msemaji mzuri wa upande wowote ataomba aelezwe ni ipi kati ya hizo nne iliyotokea.

Hata neno "kawaida" lina ubishi. Wakufunzi wengi wa polisi huwaambia wanafunzi wao kwamba hakuna ukaguzi wa kawaida, kwa kuwa askari hajui anayemkaribia ni nani. Dereva naye huenda haoni ukawaida wowote katika kumulikwa tochi usoni usiku. Katika mdahalo, litumieni neno hilo kwa maana ya chanzo tu: gari lilisimamishwa kwa kosa la barabarani, si kwa sababu mtu aliyemo alikuwa akisakwa kwa uhalifu mkubwa.

Maswali matatu yasiyofanana

Tendo la askari linaweza kupimwa kwa sheria, kwa kanuni na mafunzo ya kazi yake, na kwa haki na busara. Majibu yanaweza kutofautiana, na mtu asiyezitenga hoja hizi atashinda mahali asipobishiwa.

Kwa upande wa sheria, kesi ambayo karibu kila mdahalo unaoigusa Marekani utaitaja ni Graham dhidi ya Connor, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo 1989. Inafaa kuisimulia, kwa sababu ilianza kwa gari kusimamishwa. Mjini Charlotte, 1984, mtu mwenye ugonjwa wa kisukari alihisi sukari yake inashuka, akamwomba rafiki ampeleke dukani anunue maji ya machungwa. Alipoona foleni ndefu akatoka haraka. Askari aliyekuwa akitazama akashuku mwendo huo, akalisimamisha gari. Askari wengine walifika, dalili za mgonjwa zikachukuliwa kuwa ni za ulevi, akatiwa pingu, na mwisho akaachiwa akiwa amevunjika mguu na kupata majeraha mengine, baada ya kuthibitika kwamba dukani hakukutokea lolote. Mahakama ilitumia kesi hiyo kuweka kipimo: nguvu ipimwe kwa jicho la askari mwenye akili timamu aliyekuwa pale pale, si kwa hekima ya anayejua yaliyofuata. Iliagiza yaangaliwe hasa mambo matatu, yaani uzito wa kosa, kama mtuhumiwa alikuwa tishio la papo kwa papo kwa askari au watu wengine, na kama alikuwa akipinga kukamatwa kwa vitendo au akijaribu kutoroka.

Msemaji anayemtetea askari atategemea sehemu ya kwanza ya kipimo hicho, na mpinzani wake atategemea lile jambo la uzito wa kosa, kwa kuwa katika ukaguzi wa kawaida kosa ni jepesi tangu mwanzo. Wote wawili wana haki ya kufanya hivyo.

Kipimo cha Marekani si cha dunia nzima, na ni kosa kukichukulia hivyo. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto, zilizopitishwa Havana 1990, zinauliza swali zito zaidi: je, ilikuwa lazima? Kanuni ya 9 inaruhusu kufyatua risasi kwa kukusudia kuua pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa maisha. Sheria ya Kenya ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali lake la Sita, inamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Kati ya "askari mwenye akili angeweza kufanya hivi" na "hapakuwa na njia nyingine" kuna nafasi pana, na midahalo mingi iliyo bora huendeshwa ndani ya nafasi hiyo. Mwambieni msikilizaji tangu mwanzo mnatumia kipimo kipi.

Hesabu ya muda inaanzia wapi

Hapa ndipo ninapoomba muda mwingi zaidi utumike, hata kama itabidi dakika za salamu na utangulizi zipunguzwe.

Mnamo Aprili 2016, katika Kaunti ya Harris huko Texas, askari alisimamisha gari la kukodi kwa sababu ya ada za barabara ambazo hazikulipwa. Baada ya mazungumzo mafupi askari alimwamuru dereva ashuke. Gari likaanza kuondoka, askari akaruka na kusimama kwenye ukingo wa mlango, na ndani ya sekunde chache akafyatua risasi mbili. Dereva alikufa. Mahakama za chini zilizitazama zaidi zile sekunde mbili za mwisho, ambapo askari alikuwa amening'inia kwenye gari linalokwenda, na kwa kipande hicho peke yake ni vigumu kusema hakuwa hatarini. Mei 2025, katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walikataa njia hiyo ya kupima. Walisema tukio lote litazamwe pamoja na yaliyotangulia, kwa kuwa yaliyotangulia ndiyo yanayoeleza kwa nini askari mwenye akili angeona, au asingeona, tishio. Hawakuamua nani alikuwa na kosa. Waliirudisha kesi ipimwe upya.

Msemaji anayetaka kufundishwa jinsi ya kujadili suala hili hatapata mfano ulio bora zaidi. Ukianza kuhesabu kwenye sekunde mbili, swali ni kama mtu anayeburutwa na gari anaweza kujilinda. Ukianza kwenye dakika ya kwanza, swali ni kwa nini aliruka.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya mdahalo, pande zote mbili zikae pamoja na kuchora mstari mmoja wa muda. Waweke juu yake sababu ya kusimamishwa, namna askari alivyolikaribia gari, maneno ya kwanza, amri, jibu la dereva, mguso wa kwanza, silaha, na yaliyofuata baadaye, ikiwemo kama aliyeumia alipewa huduma ya kwanza, jambo ambalo Kanuni za Havana zinalidai na ambalo wasemaji hulisahau mara nyingi. Kwenye kila hatua waandike askari alikuwa na chaguo gani, na dereva alikuwa na chaguo gani. Wasikubaliane kuhusu nani alichagua vibaya. Hilo ndilo la kubishaniwa. Wakubaliane kuhusu mpangilio tu.

Kuna wanaodhani kwamba kuanzia mwanzo kunampendelea dereva. Si kweli. Kuanzia mwanzo kunaingiza pia dereva aliyepita taa nyekundu, aliyeendelea kuendesha kwa kilomita mbili baada ya king'ora, aliyeingiza mkono chini ya kiti bila kusema anachotafuta. Mstari mrefu huwaonyesha watu wote wawili kwa ukamilifu wao, na anayeukwepa, awe wa upande wowote, aulizwe anaficha nini.

Mwisho wa mstari nao una sheria yake. Katika kesi ya Rodriguez dhidi ya Marekani, 2015, Mahakama Kuu ilisema kwamba ukaguzi wa barabarani hauwezi kurefushwa kupita muda unaohitajika kwa shughuli iliyouanzisha, isipokuwa askari awe na sababu ya msingi ya kushuku jambo jingine. Kwa upande mwingine, tangu Pennsylvania dhidi ya Mimms, 1977, askari wa nchi hiyo anaweza kumwamuru dereva aliyesimamishwa kihalali ashuke garini bila kueleza tishio mahususi. Anayedai kwamba amri ya kushuka ilikuwa haramu Marekani atapigwa kwa kesi hii. Hoja yake iwe kwamba amri ilikuwa halali lakini haikuwa na busara, au kwamba uhalali wa amri hauhalalishi kila namna ya kuitekeleza.

Video na idadi

Watu huamini kwamba video humaliza ubishi. Mnamo 2007, katika kesi ya Scott dhidi ya Harris iliyohusu gari lililokuwa likikimbizwa na polisi, majaji wanane kati ya tisa waliitazama video wakaona dereva aliyekuwa hatari kubwa kwa umma. Wa tisa aliitazama video hiyo hiyo akaona jambo tofauti. Baadaye watafiti waliwaonyesha Wamarekani 1,350 picha hizo, wakakuta kwamba wengi walikubaliana na mahakama, lakini makundi ya watu yalitofautiana kulingana na maisha na misimamo yao. Macho huja na mwenye macho.

Basi onyesheni video nzima, kwa mwendo wake wa kawaida, kabla ya mtu yeyote kuieleza. Msianze na mwendo wa polepole. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kupunguza mwendo wa picha huwafanya watazamaji waone kusudi zaidi katika tendo, kana kwamba mtendaji alikuwa na muda wa kufikiri ambao kwa kweli hakuwa nao. Na jambo hilo linamhusu dereva anayeinua mkono sawasawa na askari anayevuta bastola. Kumbukeni pia kwamba kamera ya kifuani mwa askari inamwonyesha kila mtu isipokuwa askari mwenyewe. Mara nyingi haionyeshi vizuri mikono yake inapoanza kazi, wala umbali aliosimama kutoka kwenye gari.

Umuhimu wa picha haupungui kwa tahadhari hizi. Huko Nanterre, Ufaransa, Juni 2023, kijana wa miaka 17 aliuawa kwa risasi katika ukaguzi wa gari. Maelezo ya kwanza yalisema gari liliwaelekea askari. Video iliyosambaa ikawaonyesha askari wakiwa wamesimama ubavuni mwa gari. Bila ile video, mdahalo ungeendeshwa juu ya tukio ambalo halikutokea hivyo. Ripoti ya kwanza ya tukio lolote ichukuliwe kama maelezo ya upande mmoja, hata inapotoka ofisini.

Kuhusu idadi, nina ushauri mmoja: kila namba iulizwe "kati ya ngapi?" Msemaji wa upande wa askari anaweza kutaja askari waliouawa barabarani, na vifo hivyo ni vya kweli na familia zao zinawalilia. Lakini uchambuzi wa kisheria uliochapishwa 2019, uliotumia kumbukumbu za vyombo zaidi ya 200 vya polisi vya jimbo la Florida kwa kipindi cha miaka 10, ulikadiria kwamba askari aliuawa kwa makusudi katika ukaguzi 1 kati ya milioni 6.5, na kushambuliwa kwa namna yoyote, hata bila kuumia, katika 1 kati ya 6,959. Anayezitumia takwimu hizi aseme pia kwamba ni za jimbo moja, na ajiandae kwa jibu la haki kabisa kwamba askari hajui, anapokaribia dirisha, kama leo ni ile siku moja kati ya mamilioni.

Kuisema hoja ya mwenzako

Kabla ya mdahalo, kila msemaji aisimamie hoja ya upande wa pili kwa dakika 3, na wapinzani wake waseme kama wameridhika. Asipowaridhisha, arudie.

Hoja nzito ya askari ni hii: anatembea peke yake kuelekea gari ambalo ndani yake haoni vizuri, magari mengine yanapita mgongoni, mikono ya dereva huenda imefichwa, na gari lenyewe linaweza kuua. Anaamua kwa sekunde, na akikosea kwa kusubiri hana nafasi ya kurekebisha. Isitoshe, kama kila anayekataa kushuka anaachwa aende, amri ya askari itakuwa ombi, na atakayeumizwa na dereva mlevi aliyeachwa ni mpita njia asiye na hatia.

Hoja nzito ya upande wa dereva inaanzia kwenye muda. Katika kosa la faini, muda uko upande wa askari: namba ya gari anayo, redio anayo, wenzake wanaweza kuitwa, na hati ya mashtaka inaweza kumfuata mtu nyumbani. Asiposimama mbele ya gari hatalazimika kulipiga risasi. Na dereva ni binadamu mwenye hofu. Huenda hasikii vizuri, huenda anaumwa kama yule wa Charlotte, huenda ameamriwa kwa pamoja ainue mikono na atoe leseni, na lolote atakalotii litaonekana ni kuivunja amri ya pili.

Nimeona wasemaji wakibadilika wanapofika hapo. Hawabadilishi upande, ila sauti zao hushuka.

Siku yenyewe

Mwenyekiti aweke mambo machache tu. Wahusika wa tukio watajwe kwa nafasi zao, yaani "dereva" na "askari", si kwa majina ya kudhalilisha. Kama kesi bado iko mahakamani, chagueni tukio jingine au kanuni ya jumla. Awatangazie wasikilizaji mapema kama video ina kifo, na aruhusu mtu atoke bila kuulizwa, kwa sababu ukumbini huenda yupo aliyewahi kulazwa kifudifudi kando ya barabara, na huenda yupo ambaye mumewe au dada yake hakurudi kutoka zamu. Watu hao wakitaka kusema wasikilizwe, lakini wasilazimishwe kuwa ushahidi wa upande wowote.

Pia aweke wazi kwamba hoja hizi ni za ukumbini. Dirishani mwa gari, usiku, si mahali pa kupima uhalali wa amri. Hilo lina mahakama na ofisi za malalamiko, na msikilizaji kijana asitoke mdahaloni akiamini vinginevyo.

Mwisho, kura isiwe moja. Wapigakura waandike kwenye karatasi majibu mawili: kwanza, je, nguvu iliyotumika ilikuwa halali kwa kipimo tulichokubaliana, pili, ni kwenye hatua ipi ya mstari wa muda ilipowezekana kuiepuka, na nani aliyekuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Karatasi zikikusanywa, mwenyekiti asome majibu ya swali la pili kwa sauti, yote, hata yanayopingana, huku mstari ukiwa bado ubaoni na katibu akiweka alama kwenye kila hatua inayotajwa.